Acha Ukuta Unuke

Juzi, kwenye foleni ya duka la ushirika hapa Biharamulo, mama mmoja aliomba sabuni ya mche na chokaa.

"Sigara za mume wangu zimegeuza ukuta kuwa wa njano, nyumba nzima inanuka," alisema.

Bibi aliyekuwa nyuma yake alimkamata mkono. "Mumeo yuko wapi?"

"Vitani, bibi."

"Basi acha! Sisi nyumba tunaiosha baada ya mwenye nyumba kuzikwa. Unataka kumzika angali hai?"

Yule mama aliirudisha sabuni kaunta taratibu, kana kwamba ni yai.

Ushirikina huo niliucheka njia nzima. Kufika nyumbani, nikakuta mke wangu ameloweka koti la mdogo wangu, ambaye naye yuko vitani, mstari wa mbele. Nililichomoa kwenye beseni, nikalinusa.

Asante Mungu, bado lilinuka sigara.