Meza ya Mvule na Dawa ya Viatu

Nilipooa nilileta vitu viwili: mimi mwenyewe na meza ya mvule niliyoachiwa na mama. Mke wangu akiulizwa alipenda kipi, husema meza. Kila kitu kingine nyumbani, kitanda, viti, redio, hata sufuria ninazopikia, kilitoka kwenye mshahara wake wa magereza. Mimi nilimaliza kidato cha nne Jinja, nikatafuta kazi kwa muda ambao kwangu ulitosha, kisha nikagundua kwamba ninapenda kukaa nyumbani. Majirani zetu wa Kimaka, hapo hapo Jinja, waliniita afande wa jikoni. Cheo ni cheo, nikakipokea.

Katikati ya miaka ya tisini mke wangu alihamishiwa Mbale. Siku ya kupakia lori niliilaza meza kifudifudi juu ya kitanda cha chuma, nikajiona mtu wa akili. Toka Jinja hadi Mbale, kila lori liliporuka shimo, kitanda kiliikwaruza. Tulipoishusha, uso wake ulikuwa na mistari myeupe huku na huku kana kwamba paka alifundishia watoto wake kukwaruza hapo, na katikati shimo la kuweza kulaza yai.

Dada mkubwa wa mke wangu, aliyeolewa na mwenye duka pale Mbale, alikuja kutupokea. Aliizunguka meza mara mbili. Akasema anamjua fundi wa Nakaloke ambaye angeichukua kama mbao tu, atutengenezee vigoda. Kama sitaki, basi ifunikwe. Yeye mwenyewe angeshona kitambaa cha meza kifike hadi sakafuni. Kwake kila kitu kimefunikwa. Hata redio yake imevaa kuliko mimi.

"Shemeji," nilimwambia, "hii meza si maiti."

"Nimeona maiti zenye sura nzuri kuliko hii."

Mke wangu hakucheka. Mkubwa wake mpya wa kazi angekuja kula kwetu Jumapili, na yeye hakutaka kuanza Mbale kwa aibu. Akaniuliza, kitambaa au fundi? Nikasema, mimi. Ingetoka meza ile, pale ndani pasingebaki kitu ambacho ningeweza kukiita changu, ukiacha suruali, na hata hizo nyingine alininunulia.

Sasa, nyumba ya askari haina ubaya usiotibiwa kwa dawa ya viatu. Inapakwa mkanda, inapakwa mpini wa mwavuli, na mimi niliwahi kuipaka mlango. Nikachukua kopo la kahawia la mke wangu nikajaza mikwaruzo yote. Nikatema mate kidogo, nikasugua kwa kitambaa kwa mzunguko, kama nilivyomwona akifanya buti zake. Jumapili asubuhi meza iling'aa mpaka nikaona pengo la jino langu ndani yake. Nilimwita mke wangu aje kujionea. Akakubali kwamba nimeweza, na kwa mke wangu hiyo ni hotuba.

Afande alikuja kwa sare yake ya kaki, imepigwa wanga, mikono ina mikunjo yenye makali ya kukata mkate. Huyo ndiye aliyekuwa akimkagua mke wangu na wenzake kila asubuhi, na kwa tone la mchuzi kwenye kola alikuwa anamrudisha mtu nyumbani. Akaegemeza viwiko vyote viwili mezani, akafumba macho, akaomba. Aliombea chakula, akaombea watumishi wa magereza, akaombea mvua. Aliponyanyua mikono kusema amina, kila kiwiko kilikuwa na duara la kahawia, kubwa kama kitumbua.

Alikula, akashukuru, akaondoka na vitumbua vyake.

"Mimi nasimama mbele ya mtu huyo kila asubuhi," mke wangu aliniambia akikusanya sahani. "Jumamosi dada aje na pikapu. Hiyo meza iende Nakaloke."

Nilisema haiendi. Alisema itaenda. Nikasema basi niende nayo, wanitengeneze kigoda. Hapo alitaka kucheka, nilimwona, lakini akajizuia.

Nilikuwa na siku sita. Kwanza niliitoa dawa yote kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha nikapiga msasa, nikifuata mkondo wa nyuzi za mti, mpaka mabega yakalalamika. Kwenye shimo niliweka kitambaa kibichi na kukipitishia pasi ya mkaa, pole pole. Mvuke ukaingia, na mbao iliyobonyea ikavimba, ikapanda. Niliita watu. Hakuna aliyekuja, nikajipongeza mwenyewe. Mbao ilipokauka nikaipaka kahawa ya mlimani niliyoichemsha ikawa nzito kama uji, kurudisha rangi. Sokoni nilinunua nta ya nyuki kwa mama anayeuza asali ya mlima Elgon, nikaiyeyusha katika kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, nikaijaza mikwaruzo iliyobaki, nikakwangua iliyozidi. Baada ya hapo ni kusugua tu kwa kitambaa kikavu, asubuhi na jioni, siku mbili. Wali uliungua mara moja. Tuliula.

Jumamosi shemeji alifika na pikapu, na kitambaa chake pia, kimeshonwa tayari, cheupe kama theluji ya kwenye kalenda. Kabla hajanisalimia vizuri alikitandika. Nikakikunja, nikamrudishia.

"Shemeji, hicho kitambaa chako ni cheupe sana. Sugua nacho meza."

"Kikichafuka utafua wewe."

"Katika nyumba hii nani mwingine anafua?"

Alisugua kwa nia mbaya, kwa uzito wake wote, mpaka miguu ya meza ikalia. Akakigeuza kitambaa. Akakipeleka dirishani kwenye mwanga. Mke wangu naye akakichukua, akakikagua kama afande wake anavyokagua kola. Hakikuwa na alama.

"Mwambie dereva aende," mke wangu alimwambia dada yake.

Ningenyamaza hapo, mambo yangeisha vizuri. Lakini nilikuwa nimeshinda, na kushinda hakukunizoea. Nikamwambia mke wangu amwalike tena afande, kesho, na aje na shati jeupe. Mke wangu alisema nimerukwa na akili. Akaenda kumwalika.

Afande alikuja na koti. Aliisifu meza, akaigusa kwa kidole kimoja, akakitazama kidole. Kisha akavuta kiti chake nyuma, akala sahani ikiwa magotini. Mke wangu, kwa heshima ya mkubwa wake, akavuta chake pia. Mimi nikabaki mezani peke yangu kama mwenyekiti, mikono imetanda kote kote, nikajiongezea nyama.