Viti Viwili vya Gelasius

Gelasius alikuwa fundi redio, mtu mfupi, mpole, mwenye kibanda karibu na stesheni ya Mpanda. Ukimpelekea redio inayokoroma, anaitegea sikio kama mganga, anapuliza vumbi, inaongea. Hapo sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ulianza mwaka sabini na tano, mzungu mmoja wa kupima madini alipofunga virago akamwachia gari.

Tena si gari la kawaida. Gari la mbio, jekundu, kuukuu lakini linang'aa, viti viwili tu, paa la turubai, limelala chini kiasi kwamba jogoo akisimama mbele yake wanatazamana macho kwa macho. Mimi niliyesomea umakanika Dar es Salaam nikarudi na nusu ya diploma, nusu nyingine wanayo wao, nilikuwa naukata mtaa wetu wa Nsemulwa wote kwa miguu. Yeye, ambaye kuendesha nilimfundisha mimi, kwenye uwanja wa mpira, akasaga gia mpaka mbwa wakahama mtaa, ndiye mwenye gari! Zamani nikivaa suruali yangu ya bugaluu na viatu vya raizoni wasichana waligeuka. Gari lilipokuja waliendelea kugeuka, ila upande wa pili.

Basi akatokea Makarius, mnunuzi wa mpunga wa kule Majimoto. Alikuwa na pikapu zee, mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani. Akalizunguka lile jekundu mara mbili, kimya, kama mtu anayeposa.

"Fundi, tubadilishane," akasema. "Wewe chukua pikapu, mimi nipe hili. Jumamosi napita kuchukua jibu."

Gelasius akakosa raha. Gari alikuwa analipenda. Alilifuta kwa khanga ya mkewe, mpya. Lakini mkewe, Romana, akamuuliza swali moja tu: "Baba Cletus, hili ni gari la kila siku au la sikukuu?"

"La kila siku," akajibu Gelasius. "Utaona. Wiki hii baiskeli haitoki ndani."

Akaja kuniuliza mimi, mtaalamu. Nikakunja uso. "Mpe Makarius. Chesisi iko chini mno, barabara zetu hazilitaki." Nilisema kweli, ila sikuisema kwa sababu ni kweli. Nilitaka tu lile jekundu liondoke machoni pangu.

Wiki ikaanza. Akaenda kijiji cha Kakese na redio za watu. Malori yalikuwa yamechimba njia mbili na kuacha tuta katikati, gari likakwaruza tumbo safari nzima. Kesho yake akajifunza kupitisha gurudumu moja juu ya tuta na jingine kwenye majani, likaenda kama kaa, lakini likaenda. Akapeleka mahindi mashineni, gunia limekaa kiti cha abiria kama bibi harusi. Mvua ikanyesha, turubai likavuja, Romana akamfungulia mumewe mwavuli ndani ya gari, wakapita sokoni wanacheka. Kila jioni nilisimama barabarani nikitumaini kuliona linavutwa na ng'ombe. Kila jioni lilirudi lenyewe, taa zinawaka.

Ijumaa alitakiwa kumleta mama mkwe wake hospitali, mama yake Romana, Mama Emerensiana wa Kakese, aliyekuwa amevimba goti. Akanichukua nimsaidie kusukuma tukikwama wakati wa kwenda; kurudi ningejitafutia lori. Njia nzima alipiga mluzi. "Nikimfikisha mama salama, Makarius arudi kwao na kamba yake ya katani." Mimi niliegemea nyuma. Kiti kilikuwa kizuri, ndiyo maana niliumia zaidi.

Tulipofika, Mama Emerensiana akatoka na kitenge kipya, anachechemea. Akalitazama gari. Akahesabu viti, na si kazi ya kuchosha. Kisha akajifunika uso na upande wa kitenge, akageukia ukuta.

Gelasius akaganda. Alikuwa amefikiria mawe, mvua, petroli, magunia. Hakufikiria kwamba kwetu mkwe wa kiume hakai bega kwa bega na mama mkwe, hata goti livimbe vipi. Hata kusema naye moja kwa moja hawasemi.

"Wewe kijana," mama akaniambia, mgongo kwetu, "mwambie mwenzako, mimi na yeye kwenye kisahani kile? Nilimpa binti, sikumpa na mimi."

"Anasema..."

"Nimesikia," Gelasius akajibu, anatazama viatu vyake.

"Mwambie gari lake ni zuri. La mtu asiye na ukwe."

Hakukuwa na njia nyingine. Shemeji yake wa pale Kakese akamwazima baiskeli, na mimi nikashika usukani. Jamani! Mguu uligusa mafuta, gari likaitika kama farasi. Kakese wakapunga mikono, watoto wakapiga kelele, na huku nyuma, ndani ya vumbi langu, mwenye gari anakanyaga pedali. Mama Emerensiana akashikilia kitenge kichwani. "Kijana, unaendesha vizuri. Hili ni lako?" Nikakohoa, nikabadilisha gia.

Jioni nikamwahi Gelasius kibandani. "Fundi, usilitoe! Chesisi nimeiangalia upya, inafaa."

"Si ulisema nimpe Makarius?"

"Mama mkwe wako atatibiwa goti kila Ijumaa, wiki nyingi. Dereva nipo."

Akapuliza vumbi kwenye redio, mpole vilevile. "Bwana, gari la kila siku ni lile ambalo mwenyewe hashushwi."

Jumamosi Makarius akaacha pikapu, akaondoka na lile jekundu, mkono nje ya dirisha, anaringa. Nilisimama mpaka vumbi likatua.

Ijumaa iliyofuata nikaona pikapu inaingia mjini kutoka Kakese. Mbele Gelasius na Romana. Nyuma, juu ya kiti cha kanisani ambacho Gelasius alikiazima kwa katekista, kakaa Mama Emerensiana, mgongo kwa mkwewe, mwavuli mkononi, anaitikia salamu za watu kushoto na kulia. Kando yake mahindi, kuku na redio za watu, na bado palibaki nafasi.

"Panda nyuma, wewe!" Gelasius akaniita.

Nikasema napenda kutembea. Kumbe macho yameshaganda kwenye ile kamba ya katani, na roho inaniuma upya.