Jedwali la maziwa linalomnyima Nzilani utulivu

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mitungi ya maziwa imepanga foleni mbele ya kituo cha ushirika, Theta. Wenyewe wako pembeni wanaota jua ambalo bado halina joto. Nzilani Muoki, mwandishi wa programu za kompyuta, amepewa kiti lakini hakitaki. Anaenda mlangoni, anarudi, anaenda tena.

"Dada, utanikanyagia waya," Maggie, karani wa mizani, anamwambia.

Leo programu ya Nzilani inajaribiwa mara ya pili. Ikikataa, kamati itarudia karatasi na mkataba wake utaishia hapo. Ndiyo kazi kubwa ya kwanza aliyopata tangu aanze kujitegemea kwenye chumba chake cha kupanga, Witeithie.

Shida ni jedwali, zile safu za majina na kilo ambazo Maggie anajaza. Waandishi wengi wa programu huchukua jedwali lililoundwa na wengine wakalipachika. Hapa hairuhusiwi. Programu ya zamani ilikuwa na kipande cha kampuni ya ng'ambo. Asubuhi moja kikagoma, maziwa yakachachia kwenye foleni.

"Tulimpigia aliyetuuzia, akasema hicho kipande si chake," anakumbuka mwenyekiti, Mzee Gachau. "Nikasema basi, cha mtu wa nje hakiingii hapa tena."

Nzilani akabaki na njia mbili: jedwali la kawaida lililokuja na kifaa chake cha kuandikia programu, ambalo kamati ilikubali, au ajiundie lake.

"Lile la kawaida ni la kijivu, linakaa la kitambo," anasema. "Nikaona haya kulileta. Nikaunda langu, likatoka smart."

Lilikuwa na rangi, na lilipanga majina kwa alfabeti lenyewe. Kumbe Theta watu hawaji kwa alfabeti. Anayefika kwanza anaweka mtungi wake mbele, na Maggie anaandika majina kwa kufuata mitungi. Kisha macho yanabaki kwa mizani, vidole vinashuka na kilo. Skrini haitazami. Wiki jana, alipomaliza majina, jedwali likayapanga upya, na kilo za mtu zikaingia kwa mwingine.

"Mama Mburu ana ng'ombe mmoja, akaandikiwa maziwa ya Kisilu mwenye kumi," Maggie anasema akicheka. "Nikamuuliza huyu, jedwali lako linatembea likienda wapi?"

Nzilani hacheki. "Sikuwa nimewahi kuja hapa asubuhi," anasema.

Akaachana na lake, akarudia la kijivu. Aliongeza kitu kimoja tu: Maggie akibonyeza Enter, linampeleka mstari wa chini. Jina la mtu halisogei.

Mtungi wa kwanza unapanda mizani. Nzilani yuko mlangoni tena, anang'ata kifuniko cha kalamu. Foleni inafupika. Kisilu anasoma risiti yake, anaikunja, anaondoka.

Mtungi wa mwisho ukishamiminwa, Mzee Gachau anainamia skrini, anafuata majina kwa kidole.

"Hii sasa ndiyo foleni yetu," anasema. "Wacha ikae."

Nzilani anakalia kile kiti. Anatumaini kupata kazi ya kituo kingine, upande wa Juja. "Huko nitaenda kwanza nisimame na mitungi," anasema, "ndipo niandike."

Anamgeukia Maggie. "Na hiyo rangi ya kijivu haikusumbui?"

Maggie anaacha kufuta mizani.

"Rangi gani?"