Laini Iliyopona Kila Fundi Alipokuja

Senge Nabwile huchapa kwa vidole vyote kumi bila kuangalia kibodi, na akikasirika huchapa haraka zaidi. Mwaka wa 2009, kuanzia Agosti, alichapa haraka sana.

Senge ni dada ya baba yangu. Naishi naye hapa Kitale kwa sababu shule yangu iko karibu. Zamani alikuwa mchapaji wa kortini Bungoma, akiandika kesi za mashamba kutoka asubuhi mpaka jioni. Kisha akapata kazi ya kwenye intaneti. Watu wa London wanarekodi mikutano yao, wanamtumia sauti, naye anavaa hedifoni, anaandika kila neno na kuwarudishia.

Niliwahi kumuuliza, "Senge, kwani hao watu hawajui kusema kwa ufupi?"

"Nyamaza wewe. Wakisema kwa ufupi mimi nitakula nini?"

Siku aliyoaga Bungoma, mkubwa wake alimwambia mbele ya wenzake kwamba angerudi kabla mahindi hayajavunwa, akiomba kiti chake. Senge alimjibu maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Kwa hivyo kazi ya London ikipotea, mlango wa Bungoma ulikuwa umefungwa, na aliyeufunga ni yeye mwenyewe.

Shida ya nyumba yetu ni kwamba laini ya simu inaingilia sebuleni, na sebuleni ndiko kuna runinga na sisi watoto. Senge alifanyia kazi katika chumba cha nyuma, ng'ambo ya ua, ambacho kilikuwa stoo ya mahindi. Alikuwa amevuta waya mrefu kutoka kwa modemu hadi huko, lakini panya wa mahindi hawakuambiwa kwamba mahindi yalihama. Waliutafuna.

Ndipo ndugu yake Wabwile, baba yangu mdogo anayefanya kazi Leicester, akaja likizo na zawadi: plagi mbili nyeupe, nene kama sabuni ya kufulia. Unachomeka moja karibu na modemu na nyingine chumbani, basi. Intaneti inapita ndani ya nyaya za stima zilizo ukutani! Mimi niliweka sikio kwenye ukuta nisikie kama kuna kitu kinapita. Sikusikia kitu, lakini kurasa zilifunguka kweli. Senge alimsifu ndugu yake kanisani mpaka Wabwile akaona haya.

Wabwile alipoondoka, taa ya modemu ikaanza vituko. Taa hiyo inafaa kutulia. Yetu ilipepesa, ikafa, ikafufuka, ikafa tena, na kila ikifa faili ya Senge inakatikia njiani. Ilikuwa majira ya mvua, kwa hivyo Senge akalaumu mvua. Mvua ikaisha. Akamlaumu jirani yetu Muturi, aliyekuwa ameweka mota mpya kwa posho mill yake ya kusaga unga.

"Baba Kui," alimwita juu ya ua, "hiyo mota yako inakula intaneti yangu!"

"Mama, hii inakula mahindi," Muturi akajibu. "Hiyo intaneti yako ingepita hapa ningeiona ikitoka unga."

Basi Senge akaita kampuni ya simu. Wakamtuma fundi anaitwa Ngari, kijana mrefu mwenye mkoba wa vipimo. Sasa, Senge alilelewa kwamba mgeni hagusi kazi kabla hajakunywa chai, na mwenye nyumba hawezi kuwa kazini mgeni akiwa kwa kiti. Ngari alipobisha, Senge alienda chumba cha nyuma, akazima kompyuta, akazima swichi zote za ukutani, maana kwetu chumba kisicho na mtu hakiachwi na stima, kisha akaja kuketi naye. Chai, mayai, mkate. Ngari akashiba, akapima.

"Mama, laini yako ni safi kabisa."

Akaenda. Senge akarudi kazini, akawasha vitu vyake, na kabla vikombe havijaoshwa taa ikaanza kucheza. Fundi akaitwa tena. Chai tena, mayai tena, laini safi tena.

"Labda ni kompyuta yako, mama."

"Kompyuta aje? Si ni taa ya modemu yenu inakufa!"

"Sasa mbona mimi nikikuja haikufi?"

Swali hilo lilimchoma Senge. Akipiga simu ofisini kwao, alisikia msichana wa huduma akimnong'onezea mwenzake, "Ni yule mama wa Kitale." Alianza kulala na uso umekunjika.

Kisha barua pepe ya London ikaja. Rekodi moja ndefu ilitakiwa Ijumaa jioni, na ikichelewa kama zile nyingine, watatafuta mtu mwingine. Senge aliisoma kwa sauti, akaisoma tena. Akampigia Ngari mwenyewe.

Ijumaa Ngari alifika wakati nimetoka tu shule.

"Karibu chai, fundi."

"Leo hapana, mama. Kanisa letu liko kwa maombi ya kufunga. Hata maji sigusi."

Senge alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwake. "Basi fanya yako, na mimi nifanye yangu." Akarudi chumba cha nyuma kuchapa, nami nikabaki sebuleni nikichungulia kipimo cha Ngari.

"Ati nini?" Ngari akaruka. "Bana, hii laini imejaa kelele!"

Nambari zilikuwa zinapanda na kushuka kama kuku walioona mwewe. Nikakimbia uani. "Senge! Ameiona!"

Senge akasimama, mkono ukazima swichi zote kwa mazoea, akavuka ua kwa hasira. Alipoingia, Ngari alikuwa anakuna kichwa.

"Imepona," akasema.

"Imepona aje?"

"Mama, umefanya nini huko?"

"Mimi? Nimezima tu, nikuje nikugombeze vizuri."

"Hebu rudi uwashe," Ngari akasema. "Kimoja kimoja."

Mimi niliwekwa katikati ya ua nipitishe habari. Taa ya chumba: safi. Kompyuta: safi. Plagi nyeupe...

"Kelele!" Ngari akaita.

"Zima!" nikapitisha.

"Safi!"

"Washa!"

"Kelele!"

Muturi akatoa kichwa juu ya ua. "Kwani leo mnacheza nini?"

Ngari aliing'oa ile plagi, akaigeuzageuza. Alikiri hajawahi kuona kitu kama hicho. Lakini waya wa simu na wa stima zimepitishwa kwa ukuta mmoja, bega kwa bega, alisema, na plagi inapiga kelele upande huu, simu inasikia yote upande ule.

"Kwa hivyo kila ukikuja..." Senge akaanza.

"Kila nikikuja unazima, unanipa mayai, halafu napima nyumba imelala."

Hatukucheka. Jioni ilikuwa inaingia. Tulibeba kompyuta hadi sebuleni, tukaiunga moja kwa moja kwa modemu, na Senge akachapa dakika za mwisho za mkutano wa watu asiowajua. Faili ilipanda polepole, taa imetulia. Jibu likaja: imefika, asante.

Nilidhani angeshangilia. Badala yake alikaa akiitazama plagi mezani.

"Nimemgombeza Muturi. Nimegombeza mvua. Nimegombeza msichana wa watu kwa simu kila siku. Na ni hii."

"Utamwambia baba Wabwile?" nikauliza.

"Nikimwambia, atasema stima ya Kenya ndiyo mbovu." Akainuka, akaisukuma meza ile mpaka mbele ya runinga, akavaa hedifoni. "Sikilizeni nyote. Kutoka leo hapa ni ofisi. Ukitaka kuongea, ongea na mikono."

Habari za jioni tulizitazama bila sauti.