Njiti ya Mama

Harufu ya kiberiti kikiwashwa hunirudisha ufukweni, asubuhi na mapema, wanawake na watoto wa mtaa wetu tukiokota mifuko na chupa. Nyumbani tulizoea kufagia uwanja, kurundika na kuchoma. Pale mchangani tukafanya vivyo hivyo. Mama akawasha njiti. Nikaona rundo linatikisika.

“Mama, takataka zinapumua!”

Akainama. Chini ya mfuko kilichomoza kichwa kidogo cheusi, kisha kingine, kisha vikabubujika vitoto vya kasa.

“Subhanallah,” alinong’ona. “Ondoeni uchafu, polepole. Wapisheni.”

Tukajipanga pande mbili, kama tunampokea bibi harusi, mpaka wa mwisho akaingia majini. Ndipo Mama alipotazama vidole vyake. Njiti ilikuwa imemteketea mkononi, wala hakuusikia moto.