Ufa Nyuma ya Mipeasi

Baba yangu alikuwa mtunza bustani kwenye nyumba ya zamani ya walowezi, nje kidogo ya Igowole. Nyuma ya nyumba hiyo kuna bustani ya mboga na matunda iliyozungushiwa ukuta wa matofali ya kuchoma, mrefu kupita mtu aliyenyoosha mkono. Ukuta huo ndio unaokinga upepo wa baridi, na ndiyo maana mipeasi waliyoipanda wazungu bado inazaa.

Mwaka ule nilitoka Mbeya kuja kumwangalia, maana goti lilikuwa linamsumbua. Siku ya pili, nikichuma figiri, niliona ufa nyuma ya mipeasi. Kidole changu kiliingia chote.

“Baba, ukuta unafunguka.”

“Najua. Mwenye nyumba akiuona atauvunja, na miti ndiyo basi tena.”

Akauziba kwa udongo, akapaka chokaa juu. Mimi nilimshikia ndoo.

Mvua ikashika. Kila asubuhi nilikuta chokaa imepasuka palepale, na baba akaipaka upya. Nikawa sili vizuri. Kishindo chochote, hata cha gunia la mbolea kushushwa, kilinitoa mbio hadi mlangoni mwa bustani kutazama kama baba yuko salama. Mara nyingi nilimkuta ameinama chini ya ukuta uleule, akipalilia.

Kisha mwenye nyumba akatangaza kwamba wanafunzi wa shule ya jirani watakuja kuchuma mapeasi. Walifika Ijumaa, darasa zima, wanasukumana. Mwalimu wao alikuwa mbele, pamoja na mwenye nyumba. Nilisimama mlangoni.

“Wasiingie,” nilisema.

“Mama, wapishe watoto,” baba aliniambia. Huniita mama, kwa kuwa nilipewa jina la mama yake.

“Siwapishi. Ukuta una ufa, tumekuwa tukiuficha.”

 Mwenye nyumba aliingia peke yake, akakwangua chokaa kwa ufunguo wa gari, akarudi uso umebadilika. Wanafunzi wakarudishwa shule bila tunda hata moja. Baba hakunitazama. Jioni alisema neno moja tu: “Umeniaibisha.”

Kilichonitesa zaidi ni kwamba ukuta haukuanguka. Wiki nzima ulisimama vilevile, mvua inapiga, nami nikaanza kujiuliza kama nimemwaibisha mzee bure. Nilikuwa karibu kutamani uanguke, kisha naogopa kwa kutamani hivyo.

Fundi alipokuja kuubomoa, baba alikataa kukaa ndani. Alipanda ngazi na goti lake bovu, akaanza kutoa matofali ya juu kwa mikono. Alipofika safu ya tatu, akaacha. Akaniita. Nje kulikuwa na tofali zuri, lakini katikati palikuwa pamejaa tope, laini kama ugali mbichi. Fundi alisukuma kidogo kwa kiganja, na kipande kirefu kama kitanda kikalalia mipeasi miwili na kuivunja.

Baba alishuka, akakaa juu ya ndoo, mikono magotini.

“Walikuwa wangapi wale watoto?” aliuliza.

“Sikuwahesabu, baba.”

Alitikisa kichwa, akaomba maji. Nikamletea, akanywa akitazama mlango nilipowazuia.