Mashini Yenye Mimi Mwenyewe Hapana Kusikia

Admin, ficha jina yangu, mais usifiche akili yangu, juu mu hii page akili ni kidogo. Naonaka commentaires yenu.

Mimi ni papa wa miaka makumi tano na tatu, niko na boutique hapa Butembo mbele ya nyumba yangu, na baraza ya ciment yenye hata bakubwa ya serikali banasimamaka kuiangalia. Ku masomo nilifika ya tano primaire, maître mwenyewe akasema: « Weye rudia nyumbani, umenimaliza. » Donc hamutanifundisha kitu. Nishaurini tu.

Ile baraza ilikuwa imekamatwa na bajeune. Munabajua: suruali inaanguka, nywele ya rangi, kazi hapana, masomo hapana, kucheka tu kutoka asubui sawa vile bamelipwa. Mukubwa wao ni mumoja mwenye nywele ya manjano, banamuitaka Jaune. Nilimufukuza, akanijibu: « Vieux, kivuli ni ya Mungu! » Nikamuuliza: « Na ciment, Mungu ndiye alilipa? » Bakacheka. Kesho yake bakarudia na kiti.

Basi nikapanda ndege, nikaenda kutafuta mali Dubai. Kule Barabu banajua jina yangu, banasimama nikiingia. Mumoja akanionyesha ka mashini kadogo sawa boîte ya sardine. Akasema: « Papa, hii inalia sauti nyembamba sana. Mutu mwenye kukomaa hapana kusikia kitu. Kijana, inamukata masikio mpaka anaondoka mwenyewe. » Nikanunua. Soudeur, fundi ya chuma, akaifungia mu kikapu ya chuma juu ya baraza, na panneau solaire yake, juu ile batoto ni bezi pia.

Aïe, kama mungeona! Jaune akakaa, akashika kichwa, akasimama, akaangalia juu, akaangalia chini. Kiisha bakaondoka bote sawa kuku yenye kumwagiwa maji. Mimi niko mu boutique, nakunywa chai, hapana kusikia hata mbu.

Bamama ya soko bakaanza kuuliza: « Eh, papa, uliweka nini pale? » Sasa mutu mukubwa atajibu ni ka boîte? Nikakohoa kidogo, nikasema: « Baba ya baba yangu alikuwa mutu wa nguvu kule Masereka. Kuna bintu aliniachia. » Basi. Tangu ile siku nikipita, njia inafunguka. Hata bale benye kuchelewaka kunisalimia banatoa kofia. Iliniingia vizuri, siwadanganye.

Sasa sikieni. Binti yangu aliolewa Beni, ku commune ya Beu, akangojea mutoto miaka mingi, mpaka bakwe bakaanza kumuita shamba ya mawe. Nilimuombea ku kanisa mpaka magoti ikaota ngozi ya ngombe. Mungu akajibu: mwanaume. Jina yake Mumbere, sawa bale Bamumbere bote bamejaa hapa sawa viazi ya Musienene, mais huyu ni wangu. Kwetu mutoto wa kwanza lazima aletwe kwa nyumba ya kina mama yake, sokulu, babu yake, amupokee mu mikono, kuku ichinjwe.

Bakaja, binti yangu na mama mukwe wake, mama wa chorale, mugumu sana. Kuvuka mulango tu, mutoto akalia. Hapana kilio ya njaa, ni kilio ya mutu anaungua. Bakamutoa ku njia, kimya. Bakamurudisha, kilio. Mama mukwe akaniangalia: « Muko na nini mu hii nyumba? » Kabla nijibu, jirani yangu, ulimi yake haina frein, akasema: « Mama, hamujue? Ni bintu ya Masereka. »

Mama mukwe akafunga mutoto mu kitenge. Binti yangu akalia: « Papa, ulimuomba kwa Mungu, kumbe ulikuwa unamuombea kumukula? » Bakaenda. Kuku ikabakia mu chungu.

Sasa banasema batarudi Dimanche kiisha kanisa, na pasta. Mutoto akilia tena mu ile nyumba, sitamushika kamwe.

Mutasema: zima mashini. Bajinga! Telekomande iko na bouton moja, ya kuwasha na ya kuzima ni ile ile, na ka taa ka mashini yenyewe mvua ilikaua. Nilibonyeza. Nikabonyeza tena. Nikamuuliza bibi yangu, mama ya batoto: « Unasikia? » Akasema: « Nasikia weye tu. » Kupanda na nyundo? Quartier nzima itaona kama uchawi yangu iko na nyaya.

Benye banaweza kuisikia ni bale tu nilifukuza, na hata ikiwa imezimwa, hapana kurudia, juu banaogopa Masereka.

Jana nikamuita Jaune. Akasimama ngambo ya njia.

« Kuja, mutoto wangu, ukae ku baraza. »

« Tangu wakati gani niko mutoto wako, vieux? »

« Kuja tu uniambie kama masikio inakuuma. »

Akaangalia kile kikapu ya chuma. Akacheka polepole. « Nitakaa. Mais kwanza uniambie ni nini inalia pale. Na uniambie mbele ya benzangu bote. »

Mimi! Niombe ruhusa kwa ile nywele ya manjano, mbele ya bamama ya soko! Mais kila nikifumba macho, naona mikono yangu mitupu, na ile kitenge inaondoka.

Nishaurini: nimuambie, ao ningojee Dimanche? Bakubwa bajibu. Na weye mwenye haujatimiza miaka makumi mbili, nyamaza, hapana kuulizaka batoto shauri.

Ama hapana, ngoja. Usiondoke. Weye na masikio yako ndiye natafuta.